Nilizunguka dunia na begi mgongoni, hakuna aliyeamini kuwa natembea tu (uzi wa vituko)

BegiLaKijani

Wakuu, kwema?

Niseme mapema kabla hamjaanza maswali: sikwenda kusoma, sikwenda kubeba boksi, sikwenda kufuata mzigo, wala sikukimbia madeni. Nilikwenda kutembea. Niliondoka Dar mwishoni mwa 2016 na begi moja la kijani, nikarudi baada ya zaidi ya mwaka. Hilo la "kutembea" hakuna aliyewahi kuliamini, kuanzia maafisa wa uhamiaji wa nchi za watu mpaka mama yangu mzazi pale Tandika.

Na siwalaumu. Kwetu mtu akisafiri mbali kuna msiba, harusi, biashara, shule, matibabu au anakwenda kuhiji. Mtu mzima na akili zake kubeba nguo tano mgongoni akazunguke tu, hilo halina fungu. Mama alipoona maelezo yangu hayaeleweki akaamua mwenyewe kwamba kuna mwanamke. Mjomba akaamua nimerogwa. Basi kila mtu akanifungasha kwa imani yake: mama alinipa kanga doti moja na ubuyu wa Zanzibar nimpelekee mkwe, mjomba akanipa hirizi. Vyote nikatia begini.

Safari ilianzia stesheni ya TAZARA. Reli ile ina kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Wachina waliijenga miaka ya 1970 wakaipitisha kwenye mabonde ambako hata mbuzi angeomba msaada. Nilikata daraja la kwanza, chumba cha vitanda vinne, na wenzangu watatu walikuwa vijana wa Kizungu wenye mabegi makubwa kama langu. Tulipofika pori la Selous (siku hizi upande ule ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere) tukabanana dirishani kutazama twiga, makelele juu. Mama mmoja wa chumba cha jirani akanigonga bega:

"Kaka, waambie wageni wako wapunguze sauti, mtoto ndiyo kwanza kalala."

"Mama, hawa si wageni wangu. Mimi abiria kama wewe."

Akanitazama, akalitazama begi, akawatazama wale watatu. "Sawa baba. Lakini waambie."

Nikawaambia. Kwisha habari yangu. Kuanzia hapo kila kituo naulizwa mimi: ndizi hizi shilingi ngapi, huyu anauza nini, maji haya yananyweka? Mlimba nawapatania mkungu, Makambako nawatafutia kuku. Tulipofika Mbeya mmoja wao akashuka, akanipa mkono, na katikati ya mkono kuna noti ya dola kumi imekunjwa vizuri, eti ahsante kwa kuwaongoza. Nilitaka kuirudisha. Halafu nikaikumbuka bajeti, nikamtakia safari njema na kumwambia aniandike vizuri mtandaoni.

Nikitulia nashusha ya Istanbul.

Mjukuu wa Chole

Nimeshakaa mkao wa kula. Teremka mkuu.

Dalali Mstaafu

Uzi mzuri. Swali dogo tu, nauli ya kuzunguka dunia ulitoa wapi?

BegiLaKijani

Nilikuwa na akiba kidogo, nikauza na kiwanja cha Kibada.

Dalali Mstaafu

Kibada ya Kigamboni???

Mkuu, daraja la Kigamboni limefunguliwa Aprili 2016. Watu walikaa na viwanja vyao pale miaka nenda rudi, wanakula ugali na maharage, wanalisubiri daraja. Limefunguliwa, wewe ukauza ukanunua begi. Mjomba wako yuko sahihi, umerogwa.

BegiLaKijani

Hahaha, mjomba alilia kuliko msibani. Tuendelee.

Istanbul kuna mtaa unaitwa Laleli. Wale wa Kariakoo mnaufahamu, ndiko jinzi na magauni yanakotoka. Mimi siujui, nimefikia jirani kwa sababu vitanda ni bei chee, na baridi imenishika nataka jaketi. Moja. La kuvaa.

Ninaingia duka la kwanza. Jamaa anaulizia natoka wapi. Tanzania. Uso ukang'aa. "Kariakoo!" Akavuta kiti, chai ikaja kwenye vile vibilauri vyembamba vilivyobanwa kiunoni, kashata pembeni (wao wana yao, laini, imepakwa unga mweupe), halafu akatoa kikokotoo.

"Dazeni ngapi?"

Nikamwambia moja. Akaandika 12. Nikamwambia hapana, jaketi moja. Akacheka sana, akanipigapiga bega, akaandika 24 na kushusha bei. Nikaonyesha kidole kimoja, nikajishika kifuani, nikatetemeka ili aelewe baridi. Akamwita mdogo wake. Mdogo wake akamwita baba yao. Mzee akanitazama kwa huruma, akaniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba anajua mbinu zetu, wateja wa Dar huwa wanajifanya hawataki, na kwa heshima ya Kariakoo atanipa bei ya mwisho kwa dazeni tano na mzigo ataupeleka yeye mwenyewe kwa wakala wa ndege.

Glasi ya tatu ya chai nikatoka bila jaketi. Maduka manne hadithi ileile. Jaketi nilikuja kulipata kwa mmama anayeuza mitumba kwenye kona, na wala hakuniuliza nimetoka wapi.

Ngosha wa Mbezi

Mkuu hii chai na wewe umeileta na vibilauri kabisa. Sukari vijiko vingapi?

Mjukuu wa Chole

Ngosha tulia. Nimefanya mzigo wa Laleli, hapo kasema kweli tupu. Ukiwa Mbongo pale hata ukiuliza choo kiko wapi unatajiwa bei ya jumla.

BegiLaKijani

Sasa ile ya ubuyu. Uwanja na nchi sitataja, bado napenda kurudi.

Afisa, mdada makini, anauliza swali lilelile: umekuja kufanya nini? Kutembea. Kumtembelea nani? Hakuna. Kikazi? Hapana. Unasoma? Hapana. Kwa hiyo unatembea tu. Ndiyo. Peke yako. Ndiyo. Kwa pesa zako. Ndiyo. Kimya. Wakuu, yule dada alivyoniangalia ni kama mama yangu kasafiri akanitangulia pale dirishani.

Nikapelekwa pembeni begi lifunguliwe. Kanga ikatoka, ikatandazwa mezani, afisa wa pili akapiga picha maandishi. Hirizi ikatoka: imefungwa, imeshonwa, haielezeki. Nikasema zawadi ya mjomba. Ikaandikwa kwenye fomu. Halafu ukatoka mfuko wa ubuyu. Mwekundu, unanata, umenyunyizwa pilipili manga, hauna lebo, una alama ya vidole vya mama.

Wakaitana. Wakaunusa. Wakapitisha kile kipamba chao, kikapita kwenye mashine, mashine ikanyamaza. Wakaniuliza ni nini, nikasema ni mbegu za mti mkubwa zilizopakwa sukari na rangi, na nikisikia mwenyewe jinsi inavyosikika. Ikabidi niwaonyeshe. Nikatia mmoja mdomoni, nikaumung'unya, nikatoa kokwa. Mkubwa wao, mzee wa makamo, akavua glovu, akachukua mmoja. Akafumba jicho moja kwa ukali wake. Akachukua wa pili.

Nilipigiwa muhuri na mtu mwenye midomo myekundu kama bibi harusi. Mfuko ulirudi nusu.

Bibie wa Mutrah

Nimecheka mpaka nimeamsha mtoto.

Mimi sijazunguka dunia ila niliishi Muscat. Siku moja tuko soko la Mutrah na dada yangu, muuzaji udi mzee wa kanzu na kofia yake anatutajia bei. Dada akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mzee mwizi, na hiyo pua utadhani chelezo." Mzee kimya, anafunga udi wa mteja mwingine polepole. Akamaliza, akageuka: "Mwanangu, hii pua ya marehemu mama yangu, wa Malindi Unguja. Na wizi nimekuja kujifunza ukubwani."

Omani wapo wengi waliozaliwa au kulelewa Unguja, familia zao ziliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, Kiswahili chao kinatushinda sisi. Udi tulinunua kwa bei aliyotaja mwanzo, na dada akaongeza.

Babu wa Upanga

Vijana mnafurahisha. Mimi nilisoma Sofia, Bulgaria, miaka ya themanini, enzi za ujamaa. Kule mtu akikubali anatikisa kichwa huku na huku, akikataa anakiinua juu. Kinyume na dunia nzima. Nilikuwa mgeni sijaambiwa. Nikamwomba binti mmoja wa darasani tukacheze dansi Jumamosi. Akanitazama kwa tabasamu, akatikisa kichwa huku na huku. Nikamshukuru kwa ustaarabu wake nikaenda zangu bwenini kulala.

Wiki tatu binti hanisalimii. Kuja kuelezwa na Mghana mmoja, nimeshachelewa, anacheza na huyo Mghana.

Mjukuu wa Chole

Babu shikamoo. Hii pole yake hainunuliki.

BegiLaKijani

Babu shikamoo, nimepita huko, mhudumu wa mgahawa alinitikisia kichwa nikakaa na njaa.

Sasa Siberia. Ile reli ya Moscow mpaka Vladivostok ni kilomita 9,289, na enzi nilizopita mimi tiketi na saa za stesheni zote zilifuata saa za Moscow hata ukiwa mwisho wa dunia (walibadilisha Agosti 2018). Niko Irkutsk, Moscow iko nyuma saa tano. Tiketi ya kwenda Ulan-Ude imeandikwa 03:20.

Hostelini tuko watatu wa treni ile: mimi, Mkenya anayesoma huko, na Mjerumani mmoja mwenye saa ya mkononi inayoonyesha mpaka mwinuko kutoka usawa wa bahari. Mjerumani anasema tiketi ni tiketi, saa tisa usiku na dakika ishirini tuwe tumepanda. Mkenya anasema ongeza tano. Mimi nasema ongeza tano halafu toa sita, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Mjerumani anasikia mimi nasema mbili, Mkenya amemwandikia nane, na wote wawili tunasema tumekubaliana. Akatuona watu wa ovyo. Akatuaga kwa heshima, akatoka usiku wa manane, nje nyuzi 25 chini ya sifuri.

Wakuu, mtoto wa Kiswahili simu inamwandikia 8:00, mdomo wake unatamka saa mbili, na hana hata habari kwamba amepiga hesabu. Warusi na Moscow yao wangetutisha na nini? Tulilala, tukanywa chai, saa moja na nusu tuko stesheni. Tunamkuta Mjerumani kakaa wima kwenye benchi, begi mapajani. Hakusema kitu. Mle ndani ya behewa kuna birika kubwa la maji ya moto muda wote, nikamchotea chai. Baada ya nusu saa akatoa daftari, akaniomba nimfundishe "mfumo wa sita".

Waliowahi kupita Ethiopia mnajua, kule saa ni kama zetu kabisa. Ndiyo nchi pekee ya ugenini niliyoulizwa saa nikajibu bila kutafakari.

Ngosha wa Mbezi

Hiyo ya saa nimeikubali. Mengine bado nayachuja.

FundiBomba

Mkuu, samahani kwa swali. Upande wa vyoo ilikuwaje?

BegiLaKijani

Nilijua litakuja na nilikuwa nalisubiri.

Mswahili aliyelelewa na kopo, Ulaya ni mateso, tuambizane ukweli. Karatasi. Miezi na miezi karatasi. Nikawa natembea na chupa ya nusu lita, kila nikienda chooni naijaza. Pale hostelini kuna Mholanzi mmoja mtu wa mazoezi alinichunguza siku kadhaa, mwisho akanisifia mbele ya watu kwamba huyu ndiye anayejali kunywa maji, haachi chupa hata akienda msalani. Watu wakanipigia makofi. Nikashukuru.

Halafu nikafika Japani. Kiti cha moto. Pembeni kuna vitufe kama vya redio, maandishi yote ya kwao. Nikabonyeza kimoja, ikapigwa sauti ya maji yanayotiririka, maji yenyewe hamna. Nikabonyeza cha pili, ndipo yakaja, ya uvuguvugu, yamelengwa na mtu aliyesomea. Sikutoka haraka.

FundiBomba

Ule ufungaji wake unataka umeme na maji ya presha. Kwa huku kwetu, Dawasa ikikata utabaki umekaa na sauti tu.

Dalali Mstaafu

Kwa hela ya kiwanja cha Kibada ungefunga vyoo hivyo nyumba nzima.

BegiLaKijani

Dalali, pumzika baba.

Hii ya Romania ndiyo naipenda kuliko zote. Nimefikia kijijini kwa familia moja, bibi, babu na wajukuu. Jioni bibi yuko jikoni anasonga kitu sufuriani kwa mti mrefu, mvuke unapanda, mkono wa kushoto kashika mpini wa sufuria na kitambaa. Nikasogea. Harufu nikaijua kabla sijaona. Unga wa mahindi, wa njano. Wanaita mămăligă, wala sikutaka tafsiri.

Akaumwaga kwenye ubao wa mbao, ukatulia duara. Hakuchukua kisu. Akachukua uzi wa kushonea, akaushika ncha mbili, akaupitisha chini ya donge na kuuvuta juu, kipande kikakatika laini, kingo kama za sabuni. Pembeni jibini, malai mazito, na nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi na mchuzi wake. Watu wameshika uma.

Nikaomba maji ya kunawa. Wakanielekeza bombani wakidhani mimi msafi tu. Nikarudi, nikamega tonge, nikalifinyanga, nikalitoboa kwa dole gumba, nikachovya mchuzi, nikala. Wajukuu midomo wazi. Bibi kashika uma hewani. Nikamega la pili, sasa siwezi kusimama, miezi hiyo yote nakula mikate!

Babu ndiye aliyeweka uma chini. Akamega, akaviringisha, akatia jibini katikati, akala. Akamwambia bibi kitu, mjukuu akanitafsiria: wachungaji wa kondoo huko milimani ndivyo walivyokuwa wakila alipokuwa mdogo. Bibi akamjibu kwamba wachungaji hawakuwa na meza. Lakini wajukuu wameshanawa, wako foleni ya kufundishwa tonge.

Asubuhi bibi akaniuliza, kwa ukarimu wote, nimekuja Romania kufanya nini hasa.

Bibie wa Mutrah

Bibi na mama yako ni ndugu hao.

Mjukuu wa Chole

Na Amerika Kusini? Bado hujaigusa.

BegiLaKijani

Bolivia ilinidhalilisha kabla sijatoka uwanjani. Uwanja wa El Alto uko mita 4,061 juu, na jiji la La Paz lenyewe linashuka bondeni mpaka kama 3,600. Kwa kulinganisha, kibanda cha Horombo kule Kilimanjaro kiko 3,720. Sasa mtu wa Tandika, usawa wa bahari, unashushwa Horombo na ndege. Kupanda ngazi za hosteli hadi mapokezi nilipumzika mara tatu.

Mdada wa mapokezi akafungua pasipoti. "Tanzania! Kilimanjaro!" Akawaita na wengine. Mimi nimeinama nimeshika meza, natafuta pumzi, nao wanaona ni unyenyekevu. Wakaniletea chai ya majani ya koka. Jioni wakaja vijana wanne wanaojiandaa kupanda Huayna Potosí, mita 6,088, wameambiwa kuna mtu wa Kilimanjaro amelala chumba cha chini. Mimi Kilimanjaro nimeiona kwenye noti na siku moja nikiwa ndani ya basi la Arusha, na kulikuwa na wingu.

Wakaniuliza siri ni nini. Nilitaka kueleza kirefu kwamba mimi si mpandaji, lakini pumzi ya kueleza kirefu sina. Nikainua mkono, nikasema, "Pole... pole." Wakaandika.

Siku ya tatu wakarudi wamefika kileleni wote wanne, midomo imechanika, wananikumbatia. Mimi ndiyo kwanza nimefanikiwa kuvuka barabara.

Ngosha wa Mbezi

Haya nimekunywa yote, mpaka ya mwisho haina hata majani. Na kurudi Bongo?

BegiLaKijani

Kurudi nimetoka mlangoni uwanja wa ndege, ndevu zimefika kifuani, begi limepauka. Dereva teksi akanivaa kwa Kiingereza: rafiki yangu, hoteli? Boti ya Zanzibar? Nikamwambia, "Kaka, Tandika sokoni, shilingi ngapi?" Akasimama. Akacheka kwa furaha ya kweli, akawageukia wenzake: "Oneni huyu, Kiswahili anakijua! Umejifunza wapi, Marekani?" Akanitajia dola.

Mtu wa Uwanjani

Mkuu mimi ni dereva pale, huenda si mimi huenda ni mimi, tusichimbane. Lakini muelewe, sisi tunaangalia begi, sura hatuna muda nayo. Begi la hivyo lina bei yake.

Ila mmetuharibia. Siku hizi akitoka mtu na begi la mgongoni naanza na "Shikamoo". Akijibu "Jambo", bei ya hoteli. Akijibu "Marahaba", bei ya Tandika. Juzi katoka mzungu mzee, mvi tupu, nikampa shikamoo yangu ya majaribio. "Marahaba mwanangu, hujambo? Nyumbani hawajambo? Mvua huku zimenyesha?" Kumbe padri, amekaa Ndanda toka mimi sijazaliwa. Akanipigia hesabu ya mafuta kutoka pale mpaka Kurasini, akanilipa hiyohiyo, akasubiri chenji.